Wimbo Hutangulia, Mwimbaji Hufuata: Shoo za Laivu Karagwe na Kyerwa

Katika vijiji vya Bugomora, wimbo hufika muda mrefu kabla ya mwimbaji. Huingia kwa redio, kwa simu, kwa memori kadi inayojazwa nyimbo kwa fundi wa simu, na kwa spika ya kinyozi inayoanza kulia asubuhi kabla hajaja mteja wa kwanza. Siku msanii anapopanda jukwaani, wengi wa waliofika wanaujua wimbo wake kuanzia gitaa la mwanzo hadi neno la mwisho. Kwa hiyo mtu haendi kwenye shoo ili ausikie wimbo. Wimbo anao tayari. Anachofuata ni kile ambacho rekodi haiwezi kumpa: kumwitikia mwimbaji, na mwimbaji naye asikie kwamba ameitikiwa.

Bugomora ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Uganda kaskazini na Rwanda magharibi. Kabla ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Karagwe, na kwa lugha na desturi bado ni nchi moja. Kinyambo, lugha ya Wanyambo ambao ndio wenyeji wa huko, kinakaribiana sana na Kihaya cha upande wa Bukoba na Kinyankore cha ng'ambo ya Mto Kagera, jambo lenye uzito mkubwa katika muziki. Msanii wa Mbarara, Uganda, kama Ray G, anayeimba Kinyankore, anaeleweka Kyerwa bila mkalimani. Redio nazo hazisimami mpakani: FADECO ya Karagwe, Kasibante ya Bukoba, Radio Kwizera ya Ngara na stesheni za Uganda zinagawana masikio ya watu walewale. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji wa Bugomora ana wasanii wengi wa kuwapenda, na ni wachache kati yao atakaowaona kwa macho.

Desturi ya kumfuata mwimbaji mashuhuri si ya juzi katika vilima hivi. Ushahidi mzuri wa maandishi umetoka kwa James Augustus Grant, Mskoti aliyesafiri na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walifika kwa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwezi Novemba 1861. Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki Karagwe kwa miezi kadhaa, na mwaka 1864 alichapisha kitabu cha safari hiyo. Humo anaeleza nanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti mzito mweusi kwa umbo la sinia, urefu wake kama sentimita 56 na upana kama 23. Uzi mmoja hupitishwa huku na huku mara saba au nane juu ya madaraja mawili, na pengine kibuyu hufungwa nyuma ili kukuza sauti.

Grant alimwomba Nnanaji, ndugu yake Rumanyika, amletee mpigaji hodari kuliko wote aliowajua. Mtu huyo aliingia bila kutambulishwa, amevaa kama Wanyambo wengine, akaegemeza mkuki wake kwenye paa la kibanda, akatoa nanga kwapani, akaketi mkekani na kugeuza uso pembeni. Ndipo akaanza. Aliimba kwamba ametumwa kwa mgeni, kisha akaimba habari za mbwa mpendwa ambaye Grant anamwandika kwa jina la Keeromba. Watu wakajaa. Wimbo ukaombwa tena na tena, na kwa siku kadhaa baadaye waliokuwapo waliendelea kuuimba ule wimbo wa mbwa.

Maelezo hayo mafupi yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu yamebeba karibu kila kitu kinachofanya uimbaji wa ana kwa ana uwe tofauti na rekodi. Mwimbaji alianza na tukio lenyewe: nimetumwa, nimefika, niko mbele yako. Maneno hayo yangekuwa hayana maana siku nyingine au kwa msikilizaji mwingine. Urefu wa wimbo haukuamuliwa na yeye peke yake. Waliokuwa wakisikiliza waliurefusha kwa kuuomba tena. Na kazi iliyobaki baada ya yeye kuchukua mkuki wake haikuwa yake, ilikuwa ya kijiji.

Nanga iliendelea kuwa ala ya heshima Karagwe na Buhaya hadi karne ya 20. Magwiji wake walighani tendi ndefu za mashujaa na watawala, na mwanazuoni Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, alifanya utafiti mkubwa juu ya tendi hizo na kuzipa nafasi inayozistahili katika fasihi ya Afrika. Mghani wa nanga hakughani kwa watu walionyamaza. Hadhira ilimchochea, ilimuunga mkono, ilipokea kiitikio. Ngoma za harusi zina mpangilio huohuo: mmoja anaanzisha, wengi wanapokea. Ukimwondoa anayepokea, wimbo unabaki nusu.

Bendi za dansi zilizozunguka Tanzania miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na ala nyingine, lakini ziliheshimu kanuni hiyo. Wimbo wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma, ulikatwa kwa dakika chache ili utoshe kwenye sahani ya santuri. Ukumbini ulikuwa jambo jingine. Sehemu ya kuimba ilipokwisha, magitaa yalibaki yakizunguka, ngoma ikachanganya, na bendi haikuufunga wimbo hadi wachezaji walipotosheka. Waliomfahamu Mbaraka kwa santuri tu, kabla hajafariki kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979, walimfahamu kwa sehemu ndogo ya kazi yake.

Kwa Kagera, hata hivyo, jina linalobeba mada hii kuliko yote ni la Saida Karoli. Alizaliwa 1976 mkoani humo na alijifunza ngoma tangu utotoni. Albamu yake ya kwanza, Maria Salome, ilitoka 2001, na wimbo uliobeba jina hilo, ambao wengi huuita Chambua Kama Karanga, ulisambaa Tanzania nzima, Uganda, Kenya, Rwanda na Burundi. Wakati huo muziki wa vijana wa Dar es Salaam ulikuwa unashika redio kwa Kiswahili cha mjini; yeye aliimba kwa Kihaya, na ngoma ya asili ikasikika wazi katikati ya muziki.

Mashabiki wa Saida Karoli waligawanyika makundi mawili, na shoo zake ndizo zilizoonyesha mgawanyiko huo. Mbali na kwao, watu waliimba maneno wasiyoyaelewa. Walishika sauti, wakashika mahali pa kupokea, na hiyo ikawatosha kucheza usiku kucha. Kagera na kusini magharibi mwa Uganda mambo yalikuwa mengine, kwa sababu huko kila fumbo lilieleweka. Mwimbaji anapotumia lugha ya nyumbani mbele ya watu wa nyumbani, kicheko hutokea katikati ya mstari, kabla haujaisha, kwa kuwa wasikilizaji wamekwisha kujua unakoelekea. Akina mama hupiga vigelegele palepale neno linapowagusa, na mwimbaji mzoefu hulirudia neno hilo mara mbili au tatu zaidi kwa ajili yao. Hakuna studio inayoweza kupanga jambo hilo.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, aliutengeneza upya wimbo huo kwa jina la Salome, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa 2001 kikaujua. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe alirudi na wimbo wa Orugambo. Tangu hapo, mahali popote Salome inapopigwa Karagwe au Kyerwa, vijana hucheza toleo jipya na wazazi wao huimba la zamani juu yake, na yote mawili yanaingiliana vizuri.

Shoo ya wilayani hutegemea kahawa. Robusta ya Karagwe na Kyerwa huanza kuvunwa karibu na Mei, na Juni hadi Agosti mvua hukatika. Pesa na ukavu vinapatana katika miezi hiyo. Promota anayejua kazi yake hupanga tarehe kwa kuangalia lini wakulima wanalipwa. Kisha hutafuta kibali cha halmashauri kupitia afisa utamaduni, huliarifu jeshi la polisi, na huzingatia taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Msanii hudai sehemu ya malipo kabla hajaondoka kwake, na hapo ndipo shoo nyingi huvunjikia, kwa kuwa promota mdogo hutegemea kiingilio cha usiku wenyewe ili alipe. Tangazo hutoka redioni na kwenye gari lenye spika linalopita siku ya mnada au gulio. Uwanja ni wa mpira au wa shule. Uzio ni maturubai yaliyofungwa kwenye nguzo za miti. Umeme ni wa jenereta hata pale penye nguzo za TANESCO, maana hakuna anayetaka kukatikiwa na umeme katikati ya wimbo.

Jioni, fundi mitambo anasimama nyuma ya mikseri akiita "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni, huku watoto wameshajipanga mbele na kurudisha hesabu hiyo kwa pamoja. Huo ndio mwitikio wa kwanza wa usiku, na fundi makini huutumia: anasikia kama sauti ya watoto inaingia kwenye maikrofoni, na anajua spika zitapiga mluzi wapi. Baadaye huja wasanii wa hapohapo kupasha moto jukwaa, mshereheshaji hutaja majina ya wadhamini, na saa zinakwenda. Anayesubiriwa hupanda usiku umekolea. Kuchelewa huko kunawaumiza wanaotembea kwa miguu kurudi vijijini, hasa wanawake na wasichana, na ni haki kusema kwamba maonyesho yanayoanza alasiri yanawatendea mashabiki kwa adabu zaidi.

Namna sauti inavyomfikia kila mmoja uwanjani ni somo la pekee. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kasi ambayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Aliye mita 100 kutoka jukwaani hupata neno karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kutamkwa. Anaona mdomo umefumbwa ndipo neno linafika. Akipiga makofi kufuata alichosikia, makofi yake nayo yatachukua theluthi nyingine kurudi. Mwimbaji mgeni wa viwanja vya wazi huyafuata makofi ya nyuma na kuupoteza mwendo. Mzoefu humsikiliza mpiga dramu aliye karibu naye, na watu wa nyuma huwaongoza kwa mikono, wamwone.

Vilima vina kanuni yao. Mchana ardhi huwa na joto, na hewa iliyo chini hupata joto kuliko ya juu, hivyo sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku mambo hugeuka. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na kukiwa na anga tupu ardhi hupoa haraka baada ya jua kuzama, hewa baridi hutuama mabondeni, na sauti iliyopanda hupindishwa kurudi chini. Ndiyo maana ngoma inayopigwa kilima kimoja husikika wazi kwenye migomba ya kilima cha pili, na wasio na kiingilio husikiliza shoo nzima wakiwa kwao. Besi hufika mbali kuliko yote kwa sababu mawimbi yake marefu hayamezwi upesi na hewa wala majani. Kinachowafikia wa mbali ni mapigo na kiitikio. Maneno ya beti hubaki uwanjani.

Mbele kabisa, tatizo ni kinyume chake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100. Mtoto aliyesimama mita moja mbele ya rundo la spika anaweza kupita kiwango hicho kwa urahisi, na masikio yanayovuma hadi asubuhi ni dalili kwamba yameumizwa. Kusogea hatua ishirini nyuma na pembeni hupunguza madhara, na mara nyingi hapo ndipo muziki unaposikika vizuri zaidi.

Shabiki anayemsikia mwimbaji laivu kwa mara ya kwanza hugundua mapema kwamba sauti si ileile. Studioni mstari mmoja huweza kuimbwa mara ishirini na kuchaguliwa ulio bora, sauti kupangwa juu ya sauti, pumzi kufutwa. Jukwaani pumzi husikika. Waimbaji wengi hushusha ufunguo kidogo ili wamudu saa nzima ya kuimba, huacha noti za juu kwa wasikilizaji, na huisogeza maikrofoni mbali na mdomo wanapopaza ili isipasuke. Ukwaruzo wa koo na neno lililomezwa ni ushahidi kwamba mtu yupo, na watu wa Karagwe waliolelewa na ngoma za harusini hawaoni aibu yoyote katika hayo.

Aibu iko kwenye pleibeki. Msanii hupanda akiwa na maikrofoni, wimbo kamili wenye sauti yake unapigwa kutoka kwenye kompyuta, naye anaruka, anatikisa mkono, anaimba maneno machache juu ya sauti yake mwenyewe. Sababu zipo: bendi ya watu wanane ni nauli nane, vitanda vinane na ala za kusafirishwa hadi ukingoni mwa nchi, wakati msanii na DJ hutosha kwenye gari moja dogo. Lakini hasara ni kubwa kuliko akiba. Rekodi haisubiri. Watu wakitaka kiitikio kirudiwe, kompyuta imeshaingia ubeti wa pili; wakicheka, inawafunika. Waitikiaji wa studio wamekwisha kuitikia mle ndani, na waliolipa kiingilio hawana pa kuingilia. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004, limesimamia msimamo kwamba kila anayepanda aimbe na kupigiwa laivu, na limeonyesha kwamba hata wasanii wa bajeti ndogo huweza kufanya hivyo. Wilayani njia ya kati ipo na inafaa: muziki usio na sauti ya mwimbaji, mpiga ngoma mmoja wa hapohapo, na DJ anayejua kurudisha nyuma pale watu wanapodai.

Mwitikio hauishii mdomoni. Shabiki aliyeguswa hupanda na kumtunza msanii, noti mkononi, pengine akiibandika kwenye paji la uso wa msanii lililoloa jasho, kisha hucheza hatua mbili na kushuka. Desturi hiyo inajulikana zaidi kwenye taarabu ya pwani, lakini harusi na maonyesho ya Kagera yanayo pia. Anayetunza huchagua ubeti: hupanda wakati maneno yanaposema jambo lake, na majirani wote huelewa ni jambo gani. Siku hizi wengine hunyoosha simu badala ya noti. Picha watakazorudi nazo zitatetemeka na sauti itakuwa mbaya, ila kwenye video hizo husikika kitu kisichomo kwenye wimbo rasmi, yaani sauti za wenyewe.

Nyota wakubwa huishia Bukoba. Misafara ya muziki kama Fiesta ya redio ya Clouds huhitaji uwanja kama Kaitaba na hoteli za kutosha. Kwa watu wa Bugomora hiyo ni safari ya kuvuka wilaya: kutoka Kyerwa hadi Omurushaka, halafu kwa lami inayopita Bugene hadi Kyaka, halafu Bukoba. Vijana huchanga kukodi gari, huondoka asubuhi na kurudi kesho yake. Wengine huona ni rahisi kuvuka mto na kwenda upande wa Mbarara. Wanaobaki, ambao ndio wengi, humwona mwimbaji kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya kanisani, au kwenye mkutano wa kijiji.

Huko jukwaa ni nyasi na maikrofoni ni moja. Mwimbaji anawajua waliopo kwa majina ya baba zao na huyaingiza kwenye wimbo, kama yule aliyemwimbia Grant kwamba ametumwa kwake. Umbali kati yake na msikilizaji ni hatua tatu, kwa hiyo makofi hayachelewi. Kwaya za Kilutheri na Kikatoliki zimewazoesha watu wa Karagwe kugawana sauti tangu utotoni, na kiitikio hupokelewa kwa sauti tatu au nne bila mtu kuelekeza. Mwimbaji akisahau mstari, wanaopokea humtajia, naye anaendelea kutoka hapo.